Manemane Safi Kupita Kiasi

Hutaamini. Najua hutaamini. Ila soma kwanza, ubishi utakuja baadaye.

Kuna siku bonge la manemane, hii hii ya kufukizia nguo na kusukutulia jino linalouma, lilibakiza pumzi moja tu lizipiganishe nchi mbili. Na aliyelishtukia hakutumia setilaiti wala kompyuta. Alilishtukia kwa sababu lilikuwa safi.

Safi mno.

Twende barabarani.

Lori mbele, vumbi jekundu nyuma, na ndani ya vumbi pikipiki, Honda XL, inanguruma kama ina ugomvi wake binafsi. Juu ya pikipiki, Nge.

Jina alilopewa na wazazi halitumiki kazini. Kazini ni Nge, kwa sababu hujui kama yupo mpaka akudunge.

Motorola kifuani ikakoroma.

"Nge, unanipata?"

"Nakupata, Shangazi."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale. Alikuwa mkuu wa kitengo, mwanamke mwenye sauti ya kukuuliza kwa nini hujaoa hata anapokutuma ukakamate gaidi.

"Lori lisivuke daraja."

"Halivuki."

"Na dereva namtaka mzima. Maiti haijibu maswali."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, Shangazi."

Nge akaichomoa Glock. Mkono mmoja usukani, mmoja hewani. Risasi ya kwanza ikala bati. Ya pili ikala tairi.

Paaa!

Lori likayumba, likalalia vichaka vya miiba, likatulia. Dereva akaruka na kisu. Mwepesi yule jamaa, mwepesi kweli! Nge alijikinga na kiganja cha kushoto, kisu kikapita katikati kama kinapasua papai. Halafu kiwiko. Kimoja tu.

Dereva akakaa chini mwenyewe, bila kukaribishwa.

Land Cruiser ikafika na kusimama kwa kugonga kichuguu. Ndani yake Breki, dereva wa kitengo. Waliomwita Breki walikuwa wanamsimanga, maana kifaa chenyewe hakijui. Akashuka na mbwa wa kunusa, yule mbwa anayelipwa vizuri kuliko Breki mwenyewe.

Mbwa akapanda kwenye lori. Akanusa gunia la kwanza. Akapiga chafya. Akanusa la pili. Akapiga chafya mpaka masikio yakamfunika macho. Akashuka, akajilaza chini ya gari, kazi imemshinda.

"Hongera, kaka," Breki akasema. "Umepiga risasi magunia mawili ya manemane. Tukafukizie choo cha ofisi."

Nge hakucheka. Alikuwa ameshazamisha mkono ndani ya gunia.

Sasa hapa lazima nikueleze kitu kimoja, la sivyo utapotea. Mti wa manemane ni mfupi, miiba mitupu, unaota kwenye ardhi kavu ambayo hata mbuzi anaiangalia mara mbili kabla ya kuikanyaga. Unauchanja gome, unatoa machozi. Machozi yanaganda kwa jua. Na yakiganda yanashika kila kinachopita: vipande vya gome, mchanga, mguu wa siafu. Kwa hiyo manemane inayotoka porini ni chafu. Inasafishwa mjini, kwenye ghala, na wanawake wachambuaji, bonge kwa bonge, kwa kucha na kisu kidogo.

Magunia haya yalikuwa ya porini. Mabonge machafu. Chafu, chafu, chafu.

Vidole vya Nge vikagusa kitu laini.

Akakitoa. Bonge safi kama limeoshwa uso. Gome hakuna, mchanga hakuna. Hata pale kwenye mkunjo, ambapo mvivu angeacha uchafu, palikuwa pamekwanguliwa kwa upole, halafu pakasuguliwa na kitambaa.

Akalipasua kwa kisu cha Leatherman. Ndani, kichupa cha shaba chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Mdomo wake umezibwa kwa nta.

"Weka juu ya kaa la moto," Nge akasema polepole. "Nta inayeyuka. Moto unaingia."

Breki akaacha utani. "Na mbwa?"

"Mbwa anasikia manemane tu."

Nge akamgeukia dereva. "Magunia yalikuwa mangapi?"

Dereva akatema damu. "Matatu. La tatu lilichukuliwa asubuhi. Mimi sijui limeenda wapi, haki ya Mungu. Asali anajua. Na mwanamke mmoja wa ghala, aliyeyatengeneza. Simjui jina. Simjui sura."

Asali! Mfanyabiashara mgeni, mnunuzi wa manemane, mwenye suti nyeupe na mdomo unaokulainisha mpaka unajikuta unamshukuru kwa kukuibia. Kitengo kilikuwa kinamnusa tangu mwaka jana. Anauza silaha. Na anayeuza silaha anapenda nini? Majirani wagombane.

"Shangazi," Nge akabonyeza redio. "Kuna gunia moja mjini. Linalipuka likichomwa. Leo kuna mkutano wa mto, wa nchi mbili zinazogombania maji."

"Ukumbi umekaguliwa, baba. Mbwa wamepita mara tatu. Ni safi. Kagua masoko, kagua hospitali. Na huyo mwanamke wa ghala mtafute."

"Namtafuta."

Kitu kimoja alimficha Shangazi. Mkono uliolisafisha lile bonge aliujua. Amekula kutoka kwenye ule mkono.

*

Ghala lilikuwa na paa la bati na meza ndefu ya chini. Wanawake wamekaa kwenye vigoda, kila mmoja na ungo wake, aproni zimeshika harufu isiyotoka hata kwa sabuni. Walimjua Nge. Waliamini anakagua mizani ya serikali.

"Haya, mkaguzi kaja!"

"Mbona anachuruzika damu?"

"Mizani imemng'ata. Aliidanganya umri."

"Oa, kijana! Ukiwa na mke utaumia nyumbani, huhangaiki kutoka!"

Kicheko kikapiga bati na kurudi. Mwishoni mwa meza mama yake hakucheka. Aliona kiganja, akainuka, akamshika kiwiko, akamwingiza chumba cha nyuma.

Hakuuliza nani kamkata. Mama huyu hakuwahi kuuliza juu ya ile kazi ya mizani. Alichukua bonge la manemane, akalisaga kwa chini ya kikombe, akamimina maji ya uvuguvugu. Maji yakageuka meupe. Akaanza kukiosha kidonda.

"Itachoma kidogo."

"Inachoma sana, mama."

"Basi inafanya kazi. Kaza meno."

Alipomaliza kukifunga kitambaa, Nge akaweka mezani lile bonge lililopasuliwa.

"Huu ni mkono wa nani?"

Mama akaliangalia. Hakuligusa.

"Bonge zuri," akasema.

"Mama."

"Aliniambia niyaache machafu." Sauti yake ikawa ndogo. "Yafanane na mengine. Nilijaribu, baba. Naliweka chini, nalitazama, lina gome. Mkono unarudi wenyewe. Nalipeleka guniani, nasema hili nitaliacha, nashtukia nimeshalisugua."

"Ndani uliweka nini?"

"Vito. Alisema ni vito, vya kukwepa ushuru. Kila tajiri anakwepa ushuru, hilo nalo ni jipya?"

Nge akakitoboa kile kichupa, akamwaga chembe ya unga kwenye kisahani, akasogeza kiberiti.

Mwanga mweupe. Kisahani kikapasuka vipande viwili.

Mama akakaa juu ya gunia. Mikono yake, ile mikono, ikawa haijui pa kukaa.

"Kwa nini, mama? Unataka nini ambacho mimi siwezi kukupa?"

"Huwezi kunipa mlima."

Aliujua mlima. Miti ya ukoo wa mama ilikuwa huko, na zamani ilikuwa inachanjwa kwa zamu, huu ukifanya kazi ule unalala. Siku hizi wachanjaji wa Asali wanapita mfululizo, mti mmoja unachanjwa kama mgongo wa mtumwa. Machozi yanatoka maji maji. Halafu mti unakauka umesimama.

"Aliniahidi ataipumzisha," mama akasema. "Misimu miwili tu. Mama yako mdogo kanitumia picha, baba. Miti imekuwa myeupe kama mifupa. Nikasema, vito vya watu wenye pesa, na miti ya marehemu baba yangu. Wewe ungepima vipi?"

"Gunia la tatu liko wapi?"

Mama akamtazama. Na hapo, ndugu yangu, kile chumba kikabadilika. Hakikuwa tena na mama na mwana. Kilikuwa na mtu anayejua na mtu anayetaka kujua.

"Wewe hukagui mizani," akasema.

"Hapana."

"Nikikuambia, nashikwa?"

Nje wenzake walikuwa wanacheka jambo jingine. Jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Mama, watu watakufa."

"Nimekuelewa. Na mimi nimekuuliza."

"Hutashikwa," Nge akasema. "Jina lako halitatoka mdomoni mwangu."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Mama akavuta pumzi.

"Lilichukuliwa na mpambaji wa ukumbi. Yule wa vitambaa. Alisema wageni wa mto wasije wakasikia harufu ya rangi mpya, kwa hiyo watafukiza."

Nge alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nenda nyumbani," akasema bila kugeuka. "Jifungie."

*

"Breki! Ukumbini!"

"Kasi gani?"

"Yako."

Land Cruiser ikaruka. Nge akabonyeza Motorola. Mkoromo. Akatoa Samsung. Hakuna mtandao. Usalama wenyewe walikuwa wamezima mawimbi yote kuzunguka ukumbi, eti kwa ajili ya usalama. Wamejiziba masikio wenyewe.

Getini askari akanyoosha mkono. "Kadi."

"Sogea!"

"Bila kadi haingii mt..."

Breki akapita kwenye maua. Tatizo la askari likawa maua.

Ndani, ukumbi ulikuwa unametameta. Wajumbe wa nchi mbili wamekaa pande mbili, katikati maji ya chupa, kila mmoja anamtazama mwenzake kama mtu anayedai kiwanja. Waziri wa upande huu ameinuka, karatasi mkononi. Kwenye kila kona, chetezo cha udongo, makaa mekundu. Na mpambaji, mtu mwembamba mwenye futi ya kitambaa shingoni, anatembea na sinia kutoka kona hadi kona, anakiwekea kila chetezo bonge lake.

Mabonge safi. Yanang'aa.

"Weka chini hilo sinia!"

Mpambaji akageuka, akaona bastola, sinia likamtoka. Mabonge yakabingirika chini ya viti. Kona tatu zilikuwa bado.

Moja ilikuwa tayari.

Moshi mweupe ulishaanza kupanda, mtamu, mchungu, ule moshi wa nguo za sikukuu. Bonge juu ya kaa lilikuwa linatoa povu ukingoni.

Nge akakimbia.

Hakuna wa kumpa kitambaa. Hakuna muda wa maji. Akakibeba chetezo kwa mikono yote miwili, udongo wenye moto, na ngozi yake ikalia kabla yeye hajalia. Mlango wa kioo. Bega. Kioo chini. Baraza. Mbele yake bwawa la mapambo, samaki wa dhahabu, maua ya plastiki.

Akarusha.

Akalala.

Buuum!

Maji yakapanda kuliko paa. Halafu samaki wakaanza kunyesha. Mmoja akamwangukia Breki juu ya boneti, akampigapiga mkia kama anamlaumu.

Ndani watu wakapiga kelele, meza zikapinduka. Lakini Nge, akiwa bado chini, alikuwa ameona kitu alipokuwa anakimbia. Katika watu wote wale, mmoja aliinuka na kutoka kabla ya mlipuko.

Suti nyeupe.

Alimkuta maegeshoni, anafungua mlango wa Mercedes. Asali akageuka na Beretta yenye kiziba sauti. Pfft! Risasi ikapita sikioni. Nge hakupiga. Alijirusha chini, akapita chini ya gari la jirani, akatokea upande wa pili, akaufunga mlango wa Mercedes juu ya mkono wa Asali.

Beretta ikaanguka. Asali akafuata.

"Kijana," Asali akasema akiwa amelalia kokoto, na bado alitabasamu. "Una mikono ya mama yako. Nilikuwa najiuliza nimekuona wapi."

Nge akazikaza pingu.

"Usihofu. Mimi simtaji. Wanipige, wanining'inize, simtaji. Mama mzuri yule." Akashusha sauti, tamu kabisa. "Wewe utanikumbuka tu siku nikiwa na shida. Mlango usiofungwa vizuri, faili lililopotea. Vitu vidogo. Tumeshakuwa ndugu sisi."

Breki akafika akihema. "Anasemaje?"

"Anaomba maji," Nge akasema.

*

Jioni ilikuwa haijafika bado. Mawimbi yalirudi. Mabonge yote yaliokotwa chini ya viti, na wajumbe wa nchi mbili, waliokuwa hawasalimiani, walikuwa wamekaa baraza moja wanakamuliana nguo zilizolowa. Vita havikuwepo tena siku hiyo.

Nge alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono imefungwa bandeji mpaka vidole.

Motorola ikakoroma.

"Nge. Kazi nzuri, baba."

"Asante, Shangazi."

"Asali amefunga mdomo kama kopo. Ila yule dereva anaapa kuna mwanamke wa ghala. Nimewachukua wote."

Nge akainua kichwa. "Wote?"

"Meza nzima. Wanalia, wanaapa. Watakaa ndani mpaka mmoja aseme, hata ikifika mwaka. Sheria ya ugaidi hiyo, unaijua. Mama yako peke yake hakuwepo, na nimesema aachwe. Mzazi wako ni mzazi wetu."

"Asante," Nge akasema.

Akatoa simu. Vidole vya bandeji vilikosea mara mbili kabla ya kumpata.

"Hujambo, baba? Umepona?"

"Nimepona, mama. Watu wote wamepona."

"Mungu mkubwa."

"Mama, wenzako wameshikwa. Meza nzima."

"Hawajui kitu wale," mama akasema. "Wataachiwa tu. Asiye na kosa anaachiwa."

"Hawataachiwa. Mpaka mmoja aseme."

"Watachoka kuwaweka."

"Hawachoki, mama. Mimi ninafanya kazi nao."

Alisikia pumzi zake, na nyuma ya pumzi redio ya jirani ikitangaza bei za sabuni.

"Sema mwenyewe basi," Nge akamwambia. "Ukienda kwa miguu yako itakuwa nafuu. Nitasimama na wewe."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Ndio maana nilisema. Kama si ile ahadi, nisingesema, na sasa hivi ungekuwa unazoa maiti. Uliniahidi, mwanangu."

Akakata.

Nge akaishika ile simu mpaka kioo kikazima. Mbele yake Asali alikuwa anaingizwa kwenye gari la kitengo. Kabla mlango haujafungwa, Asali akamtafuta kwa macho, akampata, akamkonyeza. Kama shemeji.

Nge akabonyeza redio.

"Shangazi."

"Nakusikia."

"Wafungulie wale akina mama. Wote. Aliyetengeneza mabonge ni mmoja."

"Nani?"

Kila kitu kilikuwepo hapo. Maziwa ya mama, bakuli la maji meupe, meza nzima ya wanawake ndani ya chumba cha saruji, na yule wa suti anayesubiri kuwa ndugu.

"Mama yangu," Nge akasema. "Hakujua ni nini. Andikeni na hilo. Alidhani ni vito. Na aliyenionyesha ukumbi ni yeye, kwa ahadi yangu. Andikeni kwamba nimeivunja."

Shangazi akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Nitume gari?"

"Usitume mtu. Naenda mwenyewe."

Akainuka. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, kwa shida, kwa viganja. Breki alikuwa ameshafungua mlango wa Land Cruiser.

"Nikupeleke?"

"Natembea."

"Kaka, ni mbali."

"Ndiyo."

Akavuka maegesho, akapita maua yaliyolala, akapita askari wa geti ambaye safari hii hakuuliza kadi. Hakuharakisha. Hakugeuka. Ukimwona kwa nyuma ungesema ni mtu anatoka kazini, siku yake imekwenda vizuri.

Basi. Wapo wanaosema yule si mtoto, ni jiwe. Wapo wanaosema angenyamaza, leo Asali angekuwa anamtuma kama mtumishi, na wale akina mama wangezeekea ndani. Mimi nimeshabishana na watu mpaka simu imezima chaji.

Wewe je? Redio iko mkononi, mama yako ameshakata simu, na Shangazi anauliza nani. Ungesema nini?